Arlys Kowalke, Aliyekula Mboga kwa Ajili ya Kasuku

Kwanza kuna sauti ya karoti. Ilisikika katika jiko tunalotayarishia chakula cha kasuku asubuhi moja ya Februari, theluji ikiwa imefika nusu ya dirisha: karoti mbichi ikivunjwa na meno ya mwanamke asiyeipenda. Kra. Kisha kimya. Kisha kutafuna, polepole, kwa uchungu wa mtu anayelipa faini. Miaka minne imepita, na bado nikisikia karoti inavunjwa popote, hata harusini, nageuka kumtafuta Arlys.

Arlys Marie Kowalke anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, baada ya kuitumikia nyumba yetu ya kasuku waliookolewa, Tundu Wazi ya hapa Sheboygan, kwa miaka thelathini na moja. Waandaaji wa sherehe waliniomba niandike wasifu wa heshima katika jarida letu hili. Mwenyewe alipopata habari alinijia na kikombe chake cha kahawa, ile kahawa yake inayoweza kung'oa rangi ya ukuta, akasema, "Heshima kamwandikie marehemu. Mimi niandikie ukweli. Ila habari ya gari la askofu iache."

Basi tuanze na gari la askofu.

Askofu alikuja kutubarikia wanyama. Mvua ilikuwa inanyesha, Arlys akaombwa amwegeshee gari. Mkononi alikuwa na Bertha, yule kasuku wetu mkubwa wa buluu, akitafuta mahali pakavu pa kumweka wakati kizimba chake kinasafishwa. Akaona kiti cha nyuma cha askofu ni kikavu. Akamwacha humo dakika moja tu, kisha mtu akampigia simu. Askofu aliporudi alikuta usukani umebaki nusu na Bertha amelalia Biblia. Inasemekana aliwabariki wanyama wengine wote.

Arlys hakuja hapa kuomba kazi. Alikuwa anafunga soseji kiwandani, na alikuja na kasuku wa marehemu mama yake ndani ya boksi la viatu vya theluji, akiwa na nia ya kuliacha boksi na kukimbilia samaki wa kukaanga wa Ijumaa, mlo ambao watu wa huku hawaukosi. Mtu akamwomba amshikie mlango. Aliushika, akaona ndani wapo wafanyakazi wawili na ndege arobaini wenye njaa, akavua koti. Samaki hakumla siku ile. Amekuwa akitukumbusha deni hilo kila Ijumaa tangu wakati huo, na kila Ijumaa kuna mjinga anayemnunulia.

Alianza kwa kusugua vizimba, akapandishwa kupokea simu, akashushwa kwenye simu baada ya malalamiko, akapewa gari la kwenda kuchukua ndege majumbani. Hiyo ndiyo kazi iliyomkaa. Kasuku huishi muda mrefu kuliko ndoa nyingi, na mara nyingi sana alikokwenda alikuta mwenye ndege amezikwa wiki iliyopita na wapwa wamesimama sebuleni wakigawana kochi. Jamaa mmoja wa mji jirani wa Manitowoc alimwambia, "Mchukue sasa hivi, au nafungua dirisha." Ilikuwa Januari. Arlys alimchukua ndege. Akachukua na kochi pia; hatukuwahi kujua aliwaambia nini.

Aliporudi aliingia katika mkutano wa kamati bila kualikwa, akapiga meza, na kabla hajakaa tukawa na kanuni ya mrithi, ambayo vituo vingine vimeiiga. Mtu aliyevuka miaka sitini hapewi kasuku mpaka aje na mtu mdogo kwake kwa umri, atakayesimama mbele ya kamati na kutamka kwa mdomo wake mwenyewe kwamba siku ikifika atampokea ndege huyo. Mjumbe mmoja alisema ni ukatili kwa wazee. Arlys akamjibu, "Ukatili ni dirisha."

Ikumbukwe kanuni hiyo. Tutairudia.

Kisha magoti yakaanza kulalamika na akahamishiwa jiko la ndege. Hapo ndipo alipokutana na Norbert, na ndipo tulipogundua kwamba mkuu wa jiko letu hali mboga.

Hili lieleweke vizuri. Arlys alikuwa anakula jibini, soseji, viazi, na keki za maboksi zinazoletwa kwenye misiba. Kijani pekee kilichoingia katika sahani yake kilikuwa kachumbari ya matango iliyokaa juu ya soseji, na hata hiyo aliitazama kama mgeni aliyekuja bila kupiga simu. Kila siku alikata maboga, akachemsha maharage, akaosha sukuma wiki beseni zima, akawagawia ndege, kisha akatoka nje kwenye baridi kula mkate wenye siagi.

Norbert ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Hapo awali tungeweza kusema mkia tu. Alitoka chumba cha chini cha baa moja kusini mwa mji, alikoishi miaka mingi kwa mbegu za alizeti na vipande vya chipsi za jibini alivyotupiwa na wateja. Alipofika alikuwa amejing'oa manyoya yote ya kifuani na tumboni, na mapajani amebaki kama kuku wa kuchemshwa. Kichwani, ambako mdomo wake haufiki, alikuwa mzuri kabisa. Ungedhani ni bwana mheshimiwa aliyesahau kuvaa shati. Alijua sauti mbili: kopo la bia likifunguliwa, na mzee fulani akisema, "Niongeze moja."

Dkt. Maiyer Vang, daktari wetu wa ndege, alimpima kwanza damu na ngozi ili kuhakikisha si ugonjwa. Kisha akatukalisha jikoni. Alisema unyoya ni protini karibu wote, na mbegu za alizeti ni mafuta matupu. Ndege anayelishwa hizo peke yake anashiba huku mwili wake hauna cha kujengea. Ngozi inakauka, inawasha, naye anajing'oa. Akaagiza chakula maalumu cha punje zilizoshindiliwa kiwe ndio msingi, na juu yake sukuma wiki, karoti, viazi vitamu vile vya rangi ya chungwa, pilipili hoho nyekundu, maharage yaliyoiva vizuri, yai la kuchemsha mara chache kwa wiki, na tone la mafuta ya mawese, ambayo jamaa zake Norbert huko misituni Afrika huyafuata wenyewe kwenye michikichi. Parachichi marufuku, chokoleti marufuku, kitunguu marufuku, chumvi ya baa marufuku. Maji ya kumnyunyizia kila siku. Na mbegu zipunguzwe kidogo kidogo, zisiondolewe ghafla, kwa sababu kasuku anaweza kukaa mbele ya sahani iliyojaa chakula asichokitambua mpaka afe kwa njaa.

"Kwa hiyo tunamfundishaje kukitambua?" Arlys akauliza.

"Kasuku hali peke yake, shangazi," daktari akamjibu. Yeye humwita hivyo kila mtu aliyemzidi umri. Ndivyo alivyolelewa, na Arlys hujifanya kuchukia. "Anaangalia kundi linakula nini. Lazima mtu akae naye, ale chakula kilekile, na aonekane anakifurahia."

Sote tukajitolea. Norbert akamng'ata mmoja wetu kidole, akampa mwingine mgongo, akamtazama Arlys, ambaye sauti yake ina miaka ishirini ya sigara ndani yake, akasema, "Niongeze moja." Mtu wa kundi lake alikuwa amepatikana.

Arlys akalitazama beseni la sukuma wiki. "Mniue tu," akasema.

Lakini alikaa. Kila asubuhi alivuta kiti mbele ya kizimba na sahani yake magotini, akainua jani, akalipeleka mdomoni na kusema kwa sauti ya kuimba, "Mmm! Tamu wewe!" Norbert akiinamisha kichwa kumsikiliza. Haikupita wiki, nikiwa naosha vyombo nyuma yao, nikasikia "Mmm! Tamu wewe!" mara mbili, na ya pili haikuwa ya Arlys. Niligeuka. Norbert alikuwa ameshika jani kwa mguu. Tulishangilia. Mtu alileta keki. Tuliandika habari hiyo katika jarida hili hili, ukurasa wa mbele, na mchoro.

Ila mizani haikusoma jarida. Kila tulipompima, Norbert alikuwa mwepesi zaidi. Mfupa wa kifua ukaanza kujitokeza kwenye ile ngozi tupu kama ukingo wa kisu. Dkt. Maiyer alikuja akiwa hana tabasamu. Alisema akiendelea kupungua hivyo atalazimika kumlisha kwa mrija, na kwamba ndege aliyedhoofika kiasi kile wakati mwingine mrija wenyewe humuua.

"Lakini anakula," Arlys akasema. "Kila siku anasema tamu."

"Hebu kuleni niwaone."

Wakala. Arlys akainua jani, akaimba. Norbert akainua lake, akaimba. Kisha daktari akainuka, akakivuta kizimba kutoka ukutani. Nyuma yake kulikuwa na shamba. Sukuma wiki mbichi, sukuma wiki iliyonyauka, vipande vya karoti, viazi vitamu vilivyoota ukungu, vyote vimepenyezwa kati ya nondo kwa uangalifu mkubwa, mahali ambapo fagio halifiki.

Tukamtazama Norbert. Akainua jani jingine. Akasema, "Mmm! Tamu wewe!" Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akaligeuza nyuma ya mgongo na kuliachia.

Hakuna ndege anayezaliwa akijua kutazama kushoto na kulia. Daktari aligeuka taratibu.

"Shangazi, naomba nione mfuko wa aproni yako."

Arlys akaushika mfuko kwa mikono miwili. "Wa nini tena?"

"Nauona tu umevimba."

Ndani mlikuwa na sukuma wiki ya asubuhi ile, ya jana, na nusu ya pilipili hoho. Dkt. Maiyer alilazimika kukaa chini. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaifuta, akaivaa, na kicheko kikawa kimeisha.

"Amekula vilevile unavyokula wewe," akasema. "Ndege huyu hakukosea hata kidogo."

Arlys aliukazia macho ule mfupa wa kifua. Kisha akaomba karoti, si ya kukatwakatwa, nzima, akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa nondo.

"Haya, babu," akamwambia Norbert. "Tumekamatwa wote wawili."

Kra.

Hakusema mmm. Hakusema tamu. Machozi yalimlengalenga, na haikuwa huruma, alikuwa anachukia karoti. Norbert akashuka kwenye fito, hatua kwa hatua, akaja mpaka kwenye nondo, akainamisha kichwa na kumchungulia mdomoni kwa jicho moja kama mkaguzi. Arlys akafungua mdomo wazi kumwonyesha. Akatafuna. Akameza. Norbert akalifuata koo lake kwa jicho mpaka lilipotulia. Kisha akarudi kwenye sahani, akachukua kipande, akakizungusha kwa ulimi, na kwa mara ya kwanza yakaanguka makombo tu.

Kuanzia hapo Arlys alikula kila kitu. Alikula viazi vitamu bila siagi. Alikula punje zilizoshindiliwa, ambazo anasema zina ladha ya zulia. Alikula mpaka sukuma wiki, akiitukana kwa Kipolandi cha bibi yake kati ya kila matonge mawili, na sasa Norbert anakijua Kipolandi hicho, jambo ambalo padre wa parokia ya Mtakatifu Kazimiri ameshalitolea maoni. Uzito ulipanda. Manyoya yalichelewa, daktari alituonya kwamba hayaoti kwa haraka ya mtu, na kwamba chakula hakitoshi kama ndege ana upweke. Yalipokuja yalikuja kama vijiti vidogo vya kijivu vimejaa kifuani, kila kimoja ndani ya ala yake. "Kama ndevu za mjomba wangu Jumatatu," Arlys akasema, akakaa akivitazama saa nzima na simu inalia. Ala zikafunguka, na siku moja ya Agosti Norbert alikuwa amevaa shati. Chini ya shingo amebaki na kiraka ambacho hakitaota tena. Alikiumiza sana zamani. Anakibeba vizuri.

Hasara ilimfika Arlys mwenyewe. Daktari wake alimpima shinikizo la damu, akaangalia mashine, akaipiga kofi, akampima tena, akaona kweli limeshuka, akamuuliza amebadilisha nini. Arlys aliona aibu kusema anakula na ndege. Akasema amempata Yesu.

Watakaokuja Ijumaa wanajua jinsi watu wa huku tunavyoaga. Mtu anajipiga mapaja, anasema, "Haya basi, nadhani…", anainuka, kisha anasimama mlangoni saa nzima akiongelea barafu ya ziwani. Arlys amekuwa akijipiga mapaja tangu Krismasi. Ndege wote wameshika: sasa ikifika jioni jengo zima linapiga mapaja na kusema "Haya basi, nadhani", na hakuna anayeondoka.

Nilikuwa naona ni mzaha mpaka alipofanyiwa upasuaji wa goti mwezi Machi na kukaa nyumbani wiki tatu. Mimi ndiye niliyekalia kiti chake. Nilikula kila kitu, kwa uaminifu, kitabu kikiwa magotini kama kawaida yangu, ndiyo maana Arlys huniita Profesa. Norbert alinichungulia mdomoni siku mbili, akaacha. Wiki ya pili nilikuta unyoya mmoja wa kijivu chini ya kizimba, wenye damu kwenye shina. Wiki ya tatu ilikuwa viganja viwili vya manyoya.

Arlys alirudi na gongo lake, akatazama sakafu, akatazama kifua cha Norbert, akaniambia bila kunigeukia, "Profesa, wewe unakula kama mtu anayesubiri treni. Ndege haamini." Akavuta kiti.

Ndipo niliposhangaa kwa nini Arlys hamchukui Norbert akistaafu. Anaishi peke yake, nyumba ina jiko lenye jua, na hakuna binadamu mwingine ambaye Norbert anamtaka. Nilimuuliza tukiwa tunaosha maharage.

"Nina miaka sitini na nane," akasema.

"Kamati itakufanyia upendeleo. Nani atakukatalia wewe?"

"Mimi." Akamwaga maji. "Nilipiga meza, Profesa. Huwezi kupiga meza halafu ukapita chini yake."

"Mpwa wako je? Duane?"

"Duane wa Arizona? Amesema atampokea kwa mkono mmoja, na mwingine uko dirishani. Angalau hakunidanganya." Akajipiga mapaja yenye povu. "Haya basi, nadhani…" Na hakuondoka. Tulimaliza maharage.

Nilifikiria jambo hilo kwa muda. Norbert ana miaka kama ishirini na mitano na anaweza kufika sitini. Nilihesabu nitakuwa na umri gani wakati huo, nikapata jibu lisilo baya sana. Nilipomwambia Arlys, aliweka kisu chini.

"Unajua huyu atakuwepo mpaka uwe bibi?"

"Najua."

"Ukipata mume asiyependa ndege?"

"Mlango atauona."

"Atakufundishia watoto matusi."

"Ya Kipolandi. Ni elimu."

Alichukua kitunguu kisichotakiwa na ndege yeyote, akakikata kikawa vipande vidogo sana. Alisema ndicho kilichomtoa machozi, nami nikaandika hivyohivyo.

Arlys, tunakushukuru kwa miaka thelathini na moja ya kelele. Asante kwa kochi, kwa kanuni, kwa usukani wa askofu, na kwa kila jani ulilolimeza baada ya yale uliyoyaficha. Magoti yako na yapoe, Ijumaa zako ziwe na samaki, na maisha ya mbele yako yawe matamu kweli, si ya kuimbiwa tu.

Na wale watakaoinua macho Ijumaa kwenye fito ya dirishani na kuikuta tupu, msitafute. Jumatatu nilisimama mbele ya kamati nikataja jina langu kama mrithi wa Norbert. Jumanne nilimfikisha Norbert katika jiko la Arlys, ndani ya kizimba chake, pamoja na kile kiti anachokalia Arlys wakila. Jana asubuhi nilikwenda kula nao. Kitabu nilikiacha kwenye gari. Norbert alishuka kwenye fito akanichungulia mdomoni kwa jicho moja, na mimi nikaufungua wote wazi, nikatafuna ile karoti, nikameza.